Naomba ushauri: spika za mezani, bajeti laki tatu

Habari zenu wakuu. Nahariri sauti za mahojiano nyumbani, hapa Dar, meza yangu imegusana na ukuta. Spika nilizonazo zinanguruma pale tu ninapochomeka chaja ya laptop, nikiichomoa, kimya. Nimebadilisha waya na soketi, wapi! Juzi kazi imerudishwa kwa sababu herufi "s" zilikuwa zinachoma masikio na mimi sikuzisikia. Imeniuma sana.

Nimevutiwa na Edifier R1280T, tundu lake la besi liko mbele. PreSonus Eris E3.5 lake liko nyuma, naogopa ukuta utavimbisha besi.

Kwa kazi ya maongezi, nichukue ipi? Na huo mngurumo utaisha nikibadilisha spika, au tatizo ni umeme wa chaja?

Natanguliza shukrani.