Tupeane uzoefu: benki naiona kwa macho, mkopo wake siupati

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni fundi chuma, Katwe, hapa Kampala, Uganda. Kutoka bandani kwangu hadi Barabara ya Kampala kwenye mabenki natembea kwa miguu. Mwaka jana nilikwenda kuomba mkopo wa mashine ya kuchomelea. Kitambulisho cha taifa ninacho, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ninayo, akaunti ina miaka minne. Nikaulizwa hati ya ardhi. Mimi napanga muzigo, chumba kimoja, hati nitoe wapi? Nikaishia kwa mkopeshaji wa mtaani: akashika kadi ya pikipiki yangu, riba asilimia 20 kwa mwezi. Bado nalipa. Nyinyi yamewakuta yapi?

Muuza ndizi, Kalerwe: Pole sana fundi. Mimi nikifunga meza, benki zimeshafunga zamani, kwa hiyo pesa zangu hukaa kwenye simu. Ile kodi ya pesa za simu ya 2018 ilituumiza: ukipokea asilimia 1, ukitoa asilimia 1. Ikashushwa hadi 0.5, kwenye kutoa tu. Lakini mwenye akaunti akitoa dirishani haimgusi. Kwa nini wa elfu kumi kumi ndio tukatwe?

Wakala, Bwaise: Mimi ni wakala wa benki. Mawakala tuliruhusiwa baada ya sheria kurekebishwa 2016, na kwa kweli watu wa hapa wamepumua. Ila pesa ya kuzungusha ni yangu mwenyewe. Mama mmoja alikuja kutoa laki nane za ada, mimi nina laki tatu. Akapanda boda hadi mjini. Aliporudi, watoto walikuwa wameshafukuzwa shule. Sijamsahau. Na mvua ikijaa Bwaise, sifungui kabisa.

Mshonaji, Namuwongo: Sisi ni wanawake kumi na wawili, tuna nigiina, yaani upatu. Elfu ishirini kila Jumapili. Cherehani yangu imetoka humo. Elfu mbili za wagonjwa huingia sandukuni, na sanduku liko chini ya kitanda cha mwenzetu, hapati usingizi kwa hofu. Tukaenda kufungua akaunti ya kikundi. Wakataka katiba. Tukaiandika kwa mkono, kwa Kiganda, kurasa tatu. Sasa wanaitaka kwa Kiingereza.

Fundi, Katwe: Dada, piga picha hizo kurasa unitumie usiku huu. Binti yangu yuko S4, yaani kidato cha nne, tutakaa naye tuzitafsiri.