Naomba ushauri: bakuli la kutabiri kwenye hadithi yangu

Wakuu, naandika hadithi ya kifantasia na nimekwama. Kuna bakuli la shaba. Ukilijaza maji na kuliinamia, unaona jambo litakalokupata, kwa sekunde chache, bila sauti. Sasa shujaa akishajua yajayo, msomaji atahofia nini tena?

Nimefikiria utabiri wenye utata kama ule wa Delphi, hekalu la utabiri la Ugiriki ya kale: mfalme Croesus aliambiwa akiwashambulia Waajemi ataangusha dola kubwa, kumbe ni yake mwenyewe. Naupenda sana, ila umetumika mno. Je, bakuli likidai malipo, mfano kumbukumbu moja ya utotoni kwa kila swali, itatosha? Au lionyeshe ukweli mtupu, lakini kupitia macho ya adui? Naombeni mawazo, hasa mliowahi kuandika.