Tupeane uzoefu: unapimaje breki za gari lako barabarani?

Wakuu, habari za jioni. Gari likitoka gereji unaambiwa "breki ziko safi bosi", unalipa, unaondoka. Mimi siondoki mpaka nilipime mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa nakanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, naishikilia hapohapo, nawasha. Ikishuka kidogo, busta, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya breki, ni nzima. Halafu natafuta barabara tambarare isiyo na magari, naenda spidi 30, nalegeza usukani bila kuuachia, nakanyaga. Likivuta kushoto, breki za kulia hazikamati sawasawa, au upepo wa matairi umepishana. Nyie mnafanyaje?

Dereva wa Semi: Mkuu, umeongea jambo la maana sana. Sisi wa njia ya Tunduma, tukirudi Dar na mzigo, breki zinapimwa kabla ya kuanza kushuka mlima Kitonga. Ukishaingia kwenye kona umechelewa. Breki zetu ni za upepo, kwa hiyo naangalia geji ya upepo, nakanyaga kidogo nione tela linaitika, ndipo naweka gia nzito. Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Dereva anayeshuka mguu uko kwenye breki muda wote anachemsha ngoma za breki kwenye magurudumu: pedali ipo, upepo upo, lakini gari halisimami. Ukianza kusikia harufu ya kuungua, tafuta pa kuegesha zipoe zenyewe. Jamani, msimwagie maji, ngoma inapasuka!

Mama Tax: Mimi ninachohofia ni mvua. Ile ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya, vumbi na oili vinafanya lami iteleze. Na nikishapita kwenye maji pale Jangwani, Dar, nakanyaga breki taratibu huku natembea, zikauke.

Fundi wa Mtaani: Pedali ikiwa laini, ukipampu inapanda, hapo kuna hewa kwenye mfumo, au masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, imechoka. Mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu, yanachemka mapema, na yakichemka mlimani breki zinapotea. Wengi wanaongezea tu, hawabadilishi. Pedali ikitetemeka ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia matairi kujifunga, usiachie mguu.

Na spidi, wakuu: ukitoka 40 kwenda 80, umbali wa kusimama tangu breki zikamate unakuwa mara nne, hata pedi zikiwa mpya.

Dereva wa Semi: Fundi, na tela tupu? Langu likiwa halina mzigo matairi ya nyuma yanajifunga mapema, linataka kujikunja kuja ubavuni mwa kichwa.

Fundi wa Mtaani: Lilete tuangalie valvu inayogawa upepo kulingana na mzigo. Mara nyingi fimbo yake imekatika.