Mjadala: Je, Nairobi ipande mimea ya kiasili tu kwenye ardhi ya umma?

Mleta mada, Kasarani

Wakazi wenzangu, vuli inakaribia na watu wanatafuta miche. Naleta hoja ambayo najua haitapendwa na wote: kila kinachopandwa jijini kwa pesa za umma kiwe cha kiasili. Kwako panda unachotaka. Lakini kingo za barabara, bustani za kaunti na viwanja vya shule viwalishe nyuki, vipepeo na ndege chozi wa hapa.

Tuanze na chakula chetu. Karakara huchavushwa hasa na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, maana nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Nyanya nayo huachia chavua vizuri ua likitikiswa kwa mvumo, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi na baadhi ya nyuki wa porini wanaiweza. Maboga na matikitimaji yakikosa mdudu, maua huanguka na mkulima huambulia patupu. Mashamba ya Kiambu, Murang'a na Machakos yanatulisha. Sasa zao likimaliza kuchanua, mdudu huyo atakula nini mpaka msimu mwingine? Anahitaji mkinduri, muu, mtandamboo na msubili, mimea inayopokezana kuchanua. Anahitaji na pa kuzalia pia: gogo kavu, udongo ulio wazi. Sisi tumetandaza matofali ya kabro kila mahali.

Mnaukumbuka mkuyu wa Waiyaki Way ulionusurika Novemba 2020, barabara ya juu ya Expressway ilipokuwa ikijengwa. Wengi waliutetea kwa umri na heshima yake, na walifanya vyema. Naongeza sababu nyingine: mikuyu huchavushwa na vinyigu vidogo sana vinavyoingia ndani ya tunda changa, na kwa kawaida kila aina ya mkuyu ina kinyigu chake. Miti ikiisha, kinyigu hakina pa kuhamia. Kinyigu kikiisha, mti hauzai tena mbegu, na ndege na tumbili wanakosa chakula.

Mpangaji, Umoja

Ndugu, hizi ni hoja za watu wa mtaa wa Karen wenye ekari. Huku kwetu nyuki wakiingia kwenye paa, watoto hawalali. Nyuki wetu ni wakali, hilo halina ubishi. Nani atalipa hospitali?

Mleta mada

Hofu yako ni ya haki, dada, na kundi likiingia kwenye paa aitwe mrinaji, si mtu wa petroli. Ila nyuki wengi wa porini huishi peke yao, hawana mzinga wa kuulinda. Na wapo nyuki wadogo wasiouma kabisa. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu hapa Kasarani, wamewafanyia utafiti. Hata kwenye balkoni yako, ukiacha kunde na managu vichanue kwenye mkebe kabla ya kung'oa, umeshachangia. Kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hiyo mkebe huo si kosa.

Mkazi, Kilimani

Mnataka kutuondolea jakaranda? Zimetoka Amerika Kusini, sawa, lakini ikifika Oktoba jiji zima ni zambarau. Na ule mti wa Australia wenye maua mekundu kama brashi ya chupa, nendeni mkauone asubuhi: nyuki wamejaa. Nyuki haulizi pasipoti.

Mleta mada

Hakuna atakayegusa jakaranda iliyosimama. Nazungumzia mche mpya. Nyuki wa asali kweli hula popote, lakini viwavi wa vipepeo wengi huchagua majani, na kipepeo asiye na pa kutagia hatamfaa mtu hata umpe mbochi, yale maji matamu ya maua, wa aina gani. Tena tuwe waangalifu: lantana ililetwa kuwa ua la bustani, leo ni gugu linalosonga vichaka vyetu. Nchi imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kwa haraka hiyo, mkaratusi utapandwa kwa kuwa unakua upesi. Msitu wa Karura wanaiondoa mikaratusi kidogo kidogo na kurudisha miti ya kiasili. Kwa nini kaunti ipande leo kitakachong'olewa kesho?

Mkulima, Limuru

Nimewasoma nyote na mmepita kando ya jambo lenyewe. Jambo ni dawa. Jirani anapiga dawa saa nne asubuhi, maharagwe yamechanua, nyuki wako kazini. Angengoja jioni wakisharudi, angeokoa wengi. Na anapiga kwa sababu yenu nyinyi wa sokoni: mnakataa sukuma yenye tundu moja, halafu mnauliza nyuki wameenda wapi. Nunueni yenye tundu, mtuulize tumepiga dawa gani na lini. Hapo nitaamini mnawapenda.

Mwenye kitalu, Ngong Road

Mimi nauza kinachoulizwa. Mvua ikianza, wateja wanataka bogenvilia na zile saipresi za manjano. Mtandamboo, ambao ni fensi nzuri ya miiba yenye maua ya kunukia na matunda ya kuliwa, hauulizwi. Mbegu za miti mingi ya kiasili zinapatikana KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga, si mbali. Lakini siwezi kukuza miche msimu mzima kisha ikanizeekea kwenye vifuko vyake. Kaunti ikitaka, iagize mapema, iandike na ilipe.

Mleta mada

Mama, hapo umenipa kipengele ambacho hoja yangu haikuwa nacho, na kaka wa Limuru pia. Nairekebisha: agizo la miche litolewe msimu mmoja kabla ya kupanda, lipitie vitalu vya kando ya barabara, na bustani zote za kaunti zisipigwe dawa ya wadudu wakati wa maua. Dada wa Umoja na ndugu wa Kilimani, kwa masharti hayo bado mnapinga?

Mpangaji, Umoja

Hayo ya dawa nakubali. Mengine nataka kwanza nijue namba ya huyo mrinaji itabandikwa wapi.