Naombeni ushauri: nalinganishaje nchi tajiri kwa kuvutia wawekezaji wa nje?

Mpekuzi_wa_Namba: Wakuu, naandaa ripoti: kati ya Ayalandi, Uholanzi, Japani, Uingereza na Marekani, nani anavuta mitaji ya nje kuliko wenzake? Nimepanga jedwali la UNCTAD (chombo cha UN cha biashara na maendeleo) la mitaji iliyoingia kila mwaka, lakini halieleweki. Ayalandi 2018 iko hasi (iliyotoka imezidi iliyoingia), Uingereza 2016 imepaa ghafla. Nimekosea wapi?

Mizania: Mkuu, jedwali halina kosa, ila mwaka mmoja haukupi picha. Namba hiyo imebeba vitu vitatu: hisa (kuanzia asilimia 10 ya kura), faida iliyobakizwa kwenye biashara, na mikopo kati ya kampuni mama na tanzu. Mwishoni mwa 2017 Marekani ilibadili sheria ya kodi, kampuni zake zikarudisha nyumbani faida zilizokuwa zimelala nje. Hapo ndipo hasi ya Ayalandi ilipotoka, siyo kwamba viwanda vilifungwa.

Uingereza 2016 ni habari ya bia. AB InBev, kampuni ya bia ya Ubelgiji, iliinunua SABMiller ya London, ile ile iliyokuwa na TBL yetu. Mabilioni yaliishia kwa waliouza hisa. Dili lenyewe halikujenga hata ghala.

Chukua wastani wa miaka 5. Kisha fungu la nchi katika mitaji ya dunia ligawe kwa fungu lake katika pato la dunia. Mwenye asilimia 6 ya pato na asilimia 3 ya mitaji anapata 0.5. Bila hivyo Marekani itaongoza kwa unene tu.

Pwani_Kavu: Uholanzi usiiguse kabla hujaondoa kampuni za kupitishia fedha. Pesa inaingia asubuhi, jioni ishavuka mpaka. OECD, jumuiya ya nchi tajiri, inazitenga kwenye takwimu zake, chukua safu isiyo nazo.

Mpekuzi_wa_Namba: Asanteni. Na pato la Ayalandi lenyewe linaaminika?

Mizania: Hapana. 2015 lilikua kwa zaidi ya asilimia 20, sehemu kubwa ni hakimiliki za kampuni za nje zilizohamishiwa huko kwenye vitabu. Tangu 2017 ofisi yao ya takwimu hutoa pato lililochujwa, GNI*. Tumia hilo, weka tanbihi. Na usiandike kodi ya faida ya kampuni ya asilimia 12.5 ukaishia hapo: tangu 2024 makundi yenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka hulipa 15.

Pwani_Kavu: Japani itakuwa mkiani, usishtuke. Kampuni zao zimezoea kushikiliana hisa, mgeni kununua iliyopo ni kazi. Kwa hiyo tenga safu mbili, ununuzi wa kampuni na miradi mipya. Kwenye miradi mipya utaikuta TSMC, kampuni ya chipu za kompyuta ya Taiwan, kule Kumamoto, kiwanda kilichofunguliwa 2024, na ruzuku ya serikali imo ndani. Ruzuku nayo ipe safu yake, maana Marekani inagawa vilevile kupitia sheria ya chipu ya 2022.