Vituko vya mbwa wakati wa haja: vina maana, ni ugonjwa, au ni mzaha tu?

MwenyeMbwa ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninafuga mbwa dume mwenye umbo dogo, mtulivu katika mambo yote isipokuwa anapokwenda haja. Hawezi kujisaidia mpaka azunguke mahali pamoja kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha, anuse, asite, ahamie pembeni, kisha aanze upya. Akimaliza huchakura ardhi kwa nguvu na kuwarushia udongo waliosimama nyuma yake, na ajabu ni kwamba udongo huo haufuniki hata chembe ya kinyesi chenyewe. Hapo ndipo hutimua mbio za kuzunguka zunguka, masikio yamelala nyuma, mpaka achoke.

Haja ndogo nayo ina vituko vyake. Huigawa kidogo kidogo kwenye kila nguzo na kila shina la mti tunalopita, na mguu huunyanyua juu mno kiasi kwamba mara nyingine nusura aanguke. Isitoshe, wakati wote wa haja kubwa hunikazia macho bila kupepesa, hata najikuta mimi ndiye ninayeona haya na kutazama kando.

Ningependa kujua kwa nini anafanya hivi, ni lipi kati ya hayo linaloweza kuashiria ugonjwa, na kama si vibaya kumharakisha, maana asubuhi muda huwa haba. Kucheka ruksa, ila naomba na maelezo.

PuaNyevu amejibu:

Ndugu muulizaji, karibu kila kitu ulichokieleza kinahusu pua. Mkojo wa mbwa humjulisha mbwa mwenzake ni nani aliyepita, ni dume au jike, na kama jike huyo yuko katika joto, yaani tayari kupandwa. Ndiyo maana mbwa wako haumalizi wote mahali pamoja: hutenga akiba ya kuwaachia wasomaji wa mbele, na akifika nguzo ya mwisho akiwa hana kitu, bado atanyanyua mguu kwa heshima ya desturi.

Mwanabaiolojia wa Marekani, Marc Bekoff, aliwahi kulichunguza jambo hili kwa njia ambayo majirani wake lazima waliishangaa. Kwa majira kadhaa ya baridi kule Boulder, jimbo la Colorado, alikuwa akichota theluji iliyokojolewa na mbwa na kuihamishia mahali pengine kwenye njia aliyoipita mbwa wake, Jethro. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2001 alionyesha kwamba Jethro alitumia muda mfupi zaidi kunusa mkojo wake mwenyewe kuliko wa mbwa wengine, hata ulipokuwa umehamishwa. Kwa maneno mengine, mbwa anautambua mkojo wake na hana haja ya kuusoma tena.

Kuhusu mguu unaokaribia kumwangusha, tatizo ni ule udogo wa umbo uliotutajia. Betty McGuire na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwarekodi kwa video mbwa madume walipokuwa wakitembezwa, wakapima pembe ya mguu ulionyanyuliwa na urefu wa alama iliyobaki. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba mbwa wadogo hunyanyua mguu kwa pembe kubwa zaidi kuliko wakubwa. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba kwa kuiweka alama yake juu, mbwa mdogo huweza kuwafanya wengine wamdhanie kuwa na umbo kubwa bila kulazimika kukutana nao ana kwa ana. Mimi nayaona maelezo hayo kuwa ya busara, na yananipa sababu ya kumheshimu mbwa wako. Wapo hata mbwa wadogo wanaosimama kwa miguu ya mbele na kutupa miguu yote ya nyuma hewani. Majike wa Speothos venaticus, mnyama wa jamii ya mbwa anayeishi katika misitu ya Amerika Kusini, hufanya vivyo hivyo kwenye mashina ya miti.

Kuchakura nako ni ujumbe. Tusimfananishe na paka, ambaye hufukia. Mbwa ana tezi za harufu katika nyayo zake, na kwa kuparua ardhi huacha harufu nyingine pamoja na michirizi inayoonekana kwa macho, ili anayepita asikose kuona kwamba hapa pana jambo. Mbwa mwitu nao huchakura vivyo hivyo. Kwa hiyo udongo usipofunika kinyesi, ujue kazi imekwenda kama alivyokusudia.

Mzee wa Kamba amejibu:

Naona mwenzangu ameruka suala la kuzunguka, nami nalitamani sana, kwa sababu hapo ndipo watu hupenda kuleta habari ya dira. Mwaka 2013 watafiti wa Czech na Ujerumani walichapisha katika jarida la Frontiers in Zoology matokeo ya uchunguzi wa miaka 2 juu ya mbwa 70 wa aina 37, ambao walirekodiwa wakienda haja kubwa mara 1,893 na haja ndogo mara 5,582. Hitimisho lao lilikuwa kwamba uga wa sumaku wa dunia, yaani ile nguvu inayogeuza sindano ya dira, unapokuwa umetulia, mbwa hupenda kuulaza mwili wao kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Mimi si mpinzani wa sayansi, lakini nina shaka na matumizi ya habari hii mitaani. Takwimu zote zilipowekwa pamoja, mwelekeo huo haukujitokeza. Ulijitokeza pale tu zilipochambuliwa kufuatana na hali ya uga wa sumaku, nao watafiti walieleza kwamba hali ya utulivu ilikuwepo kwa takriban asilimia 20 tu ya saa za mchana. Yeyote anayekuambia kwamba mbwa wako huzunguka kwa kuwa anatafuta kaskazini ameongeza chumvi. Mbwa anayezunguka ananusa waliomtangulia, anakagua kama kuna hatari, anakanyaga majani yasimchome, na mwendo wenyewe huamsha matumbo. Hayo yanatosha bila dira.

Niongeze jambo moja kuhusu muda, kwa sababu linatenganisha haja na ujumbe. Watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, wakiongozwa na Patricia Yang na David Hu, walionyesha mwaka 2014 kwamba mamalia wenye uzito unaozidi kilo 3 humaliza kibofu kilichojaa kwa wastani wa sekunde 21, awe mbwa au tembo, kwa kuwa mnyama mkubwa ana mrija mrefu na mpana unaoharakisha mkojo. Nao walipata Ig Nobel, mwaka 2015. Basi ule mkojo mrefu wa asubuhi ndio haja yenyewe. Yale matone ya kwenye nguzo ni mawasiliano, na ukiwa na haraka unaweza kuyapunguza bila kumnyima mnyama haki yake.

TabibuMifugo amejibu:

Nitajibu sehemu ya afya. Kuzunguka, kuchakura, kunyanyua mguu juu na kutimua mbio baada ya haja ni mambo ya kawaida kwa mbwa mwenye afya. Mbio hizo huonekana zaidi kwa mbwa wenye umri mdogo, na jukumu lako ni kuhakikisha tu kwamba hakuna barabara karibu. Kukukazia macho nako hakunitishi: mbwa aliyezoea kusifiwa au kupewa kitafunwa mara tu amalizapo hujifunza kumtazama mtoaji. Ukiona haya, mtazame kwa jicho la pembeni.

Yapo hata hivyo mambo yanayochekesha ambayo hayapaswi kuchekwa. Mbwa anayekalia makalio na kujiburuta sakafuni mara nyingi ana tezi za kando ya njia ya haja kubwa zilizojaa au kupata maambukizi, au ana muwasho, wakati mwingine kutokana na minyoo tegu, ambayo vipande vyake vidogo vyeupe huonekana kwenye manyoya ya sehemu hiyo. Mbwa anayekojoa kidogo kidogo nje kwenye nguzo yuko sawa. Yule anayechuchumaa mara kwa mara ndani ya nyumba, anayelia, au mwenye damu katika mkojo, hayuko sawa. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka ni dharura ya saa hiyo hiyo, kwa sababu huenda mawe yameziba njia, na kibofu hakisubiri kesho. Kwa upande mwingine, mbwa anayejikojolea kidogo anapokupokea, huku ameinama na masikio yamelala, anaonyesha unyenyekevu au msisimko. Ukimkaripia tatizo litazidi.

Kuhusu kumharakisha, nakushauri ufanye kinyume. Wafugaji wengi hugeuza kurudi nyumbani mara tu mbwa anapomaliza, naye hutambua upesi kwamba kumaliza ndiko kunakokatisha matembezi, hivyo hujizuia kwa makusudi. Mwache ajisaidie kwanza, msifu, kisha mtembeze kidogo kama zawadi. Ukitumia neno moja lile lile kila anapoanza, atalizoea, nalo litakusaidia siku za mvua. Mazoea ya sakafu pia hujengeka mapema: mbwa aliyelelewa akijisaidia kwenye saruji anaweza kuyakataa majani kabisa, na mmiliki akadhani ni ukaidi.

MwenyeMbwa amejibu:

Nawashukuru nyote, hilo la kurudi nyumbani mara moja ndilo hasa ninalolifanya. Niruhusuni swali la nyongeza, ambalo nililiogopa mwanzoni. Jike wa ndugu yangu hula kinyesi, chake na cha wenzake, tena kwa hamu. Wamenyunyizia dawa ya unga kwenye chakula chake bila mafanikio.

PuaNyevu amejibu:

Hayuko peke yake. Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwahoji wafugaji na kuchapisha mwaka 2018 kwamba asilimia 16 ya mbwa walikuwa walaji wa mara kwa mara, yaani walioonekana wakila angalau mara 6. Kinyesi kilichopendwa kilikuwa kibichi, kisichozidi siku 2. Wanapendekeza kwamba hii ni desturi ya kale ya kuondoa uchafu kwenye maskani kabla mayai ya minyoo hayajafikia hatua ya kuambukiza. Kumbuka pia kwamba mama huwalamba watoto wake ili wajisaidie katika majuma ya kwanza, kisha hula uchafu wao ili malazi yabaki safi. Dawa za kununua, kwa mujibu wa wafugaji hao hao, zilifaulu kwa asilimia 0 hadi 2. Njia ya uhakika ni kuokota kabla hajageuka.

TabibuMifugo amejibu:

Nakubaliana, kwa sharti moja. Ikiwa tabia hiyo imeanza ghafla ukubwani, na hasa ikiwa mbwa anakonda huku akila sana, au anaharisha, inawezekana chakula hakisagiki vizuri au ana minyoo. Mwambie ndugu yako apeleke kinyesi kibichi cha siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo, katika chombo safi chenye mfuniko, na ataje dawa yoyote ambayo mbwa anatumia, kwa sababu zipo zinazoongeza njaa.