Naomba ushauri: mwanangu anataka ushahidi kwamba Yesu alifufuka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niko hapa Ipagala, Dodoma. Kijana wangu yuko chuo, mwaka wa pili. Jumapili iliyopita nilikuwa nachambua mlenda, akaniuliza, "Mama, tukiweka Biblia pembeni, una ushahidi gani kwamba Yesu alifufuka?" Mkono ulibaki ndani ya ungo. Nikamjibu amini tu, mambo ya Mungu hayahojiwi. Akanyamaza, na tangu siku hiyo hajaligusa tena. Ukimya wake ndio unaninyima usingizi.

Nimerudia Yohana 20. Tomaso alitaka kuona alama za misumari, na Yesu hakumfukuza. Alimwambia alete kidole chake. Paulo naye katika 1 Wakorintho 15 anataja mashahidi zaidi ya 500, wengi wao wakiwa bado hai, ni kama anawaambia watu nendeni mkawaulize. Hata Tacitus, Mrumi ambaye hakuwapenda Wakristo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Lakini hicho ni kifo, si ufufuo, na kijana wangu ataliona pengo hilo mara moja.

Waebrania 11:1 inaiita imani "bayana ya mambo yasiyoonekana". Sasa bayana si ndiyo ushahidi wenyewe?

Naombeni mnisaidie, nianzie wapi kumrudia bila kujifanya nina majibu yote? Aliyepitia hili na mtoto wake, alimwambia nini? Mchungaji nitamwendea, ila kwanza nataka tuongee sisi wawili, mama na mwana.